Kijiti Chenye Jina la Bisimwa

Sauti ile ilianzia upande wa pili wa ukuta, alasiri ya Jumapili yangu ya kwanza kule Burnsville, Minnesota, na jambo la kwanza nililolifikiria ni mabomba. Siku chache kabla, mtu mmoja chuoni alikuwa amenionya kwamba baridi ya Januari hupasua mabomba ndani ya kuta, na kwamba kabla hayajapasuka hutoa mlio. Nilikaa kitandani na koti mwilini, nikausikiliza mlio huo kama mtu anayehesabu mapigo ya mgonjwa: tik-tik, tik, kimya kidogo, tik-tik-tik-tik, kisha kitu kama konzi ya shanga inayomwagwa juu ya meza. Haukuwa na mpangilio wa mashine, nikayaondoa mabomba. Panya nao nikawaondoa, kwa kuwa panya akishtuka hunyamaza kwa muda mrefu, na kimya hiki kilikuwa kifupi na cha kupimwa. Yakabaki meno. Nilijiaminisha kabisa kwamba mwenye nyumba wangu, mama wa miaka karibu sabini ambaye mpaka siku ile tulikuwa tumesalimiana mara nne tu, alikuwa ameanguka nyuma ya ukuta ule na meno yanamgongana. Nikatoka mbio miguu mitupu, nikafungua mlango wake bila kubisha hodi.

Alikuwa ameketi dirishani, mto mgumu wa mviringo mapajani, na juu ya mto vijiti vyembamba kama vidole vya mtoto, vingi, kila kimoja kikining'inia kwenye uzi wake. Mikono yake haikusimama. “Unakimbia nini, mwana? Kuko moto?” Nikasema nilidhani ameanguka. “Miye? Nianguke wapi, na niko nakaa?” Mjukuu wake Gracia, wakati huo ana miaka kumi na minne, alikuwa amejilaza kitandani na simu, akasema kwa Kiingereza, bila kuinua macho, kwamba nitaizoea, kila mtu huizoea isipokuwa jirani wa chini. Bibi yake akacheka. “Anasema nini, ule?” Alijua vizuri alichosema. Ndivyo walivyokuwa wakiongea siku zote, kila mmoja kwa lugha yake, na hakuna aliyeshindwa kumwelewa mwenzake.

Ninaandika haya wiki tatu baada ya kumzika Mama Vero, mwenye nyumba wangu yule. Ibada ilifanyika palepale Burnsville, katika jengo wanalolitumia Wakongo Jumapili mchana baada ya wenyewe kumaliza misa yao, na nilisimama nyuma kabisa, karibu na makoti. Gracia, ambaye sasa ni mtu mzima na anavaa sare za hospitali, alinijia mlangoni na kunipa bahasha ya kahawia. Hakunikumbatia. Alisema, na safari hii kwa Kiswahili, “Koko alisema hii ni yako.” Koko ni bibi yake. Nilikaa na bahasha hiyo siku ishirini bila kuifungua, nikiihamisha kutoka meza hadi rafu na kutoka rafu hadi meza. Niliipima uzito kiganjani kila asubuhi, na kwa uzito nikajua kilichomo. Sikuhitaji kukiona ili nikiogope.

Mwaka ninaousema ulianza na mlio ule na ukaisha majira ya baridi yaliyofuata, nikiwa nimehamia chumba cha ghorofa ya kumi na tatu huko Cedar-Riverside, Minneapolis, ambako hakuna aliyenijua na treni ilipita chini ya dirisha kila baada ya dakika chache. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili kutoka Tanzania, nasoma historia ya vitambaa, na utafiti wangu ulihusu kitu kidogo sana: maandishi yanayochongwa kwenye vijiti vya kusukia lesi. Lesi ya vijiti haitumii sindano. Kila uzi una kijiti chake, na fundi huvikingamanisha vijiti viwili viwili juu ya mto, akichomeka pini kufuata karatasi iliyotobolewa. Shanga zilizofungwa mkiani hukipa kijiti uzito kisibingirike. Zamani, huko Ulaya, mafundi hao walikuwa wanawake maskini, na vijiti ndivyo vilivyokuwa daftari lao. Vilichongwa majina ya wachumba, maneno ya kutongozana, majina ya mama. Na vilichongwa majina ya marehemu, jina na tarehe. Nilikuwa nimeshika mamia ya vijiti hivyo nikiwa na glavu, katika vyumba visivyo na dirisha. Ningeweza kukuambia kwa kutazama tu ni kipi cha harusi na ni kipi cha msiba. Kisha, baada ya kukodi chumba kwa sababu tu kilikuwa rahisi na wenyeji walizungumza Kiswahili, nikakuta sanaa ileile nyuma ya ukuta, mikononi mwa mama kutoka Kivu aliyefundishwa na masista wa Kibelgiji alipokuwa msichana. Nilidhani nimependelewa.

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na harufu isiyoisha ya sombe, kisamvu chao. Chantal, binti wa Mama Vero na mama yake Gracia, alitandika vitanda katika hoteli moja ya Bloomington karibu na uwanja wa ndege, na asubuhi alinichukua kwa gari lake hadi kituo cha treni pale kwenye maduka makubwa, nami nikapanda treni mpaka chuoni. Njia nzima ya barabara kuu ya I-35W aliendesha akinisimulia mizozo ya kazini na kunitania. “Dada Anisia, Swahili yako ni ya redio. Ukisema ‘tafadhali naomba unisogezee chumvi,’ miye ninangojea taarifa ya habari.” Mimi nilijibu kwamba Kiswahili chake kimevaa kofia ya Kifaransa na viatu vya Kiingereza. “Na kinatembea,” akasema. “Cha kwako kinakaa tu kwa kiti.” Jioni nilirudi na dagaa na unga kutoka maduka ya Cedar, nao wakanilaumu kwamba nimechagua dagaa wembamba. Tulikula mezani jikoni, Mama Vero akiongoza sala ndefu ambayo ndani yake watu wote waliombewa kwa majina: Chantal, Gracia, Bisimwa, Nsimire, mtoto wa Nsimire, na, tangu mwezi wa pili, Anisia. Nililisikia jina la Bisimwa kila siku katika sala hiyo. Nilipaswa kujiuliza kwa nini Mama Vero, ambaye hakuwaombea marehemu wengine wowote mezani pale, alimwombea huyu chakula na viatu.

Nilifahamu kwamba Bisimwa alikuwa mwanawe wa kiume, na kwamba Nsimire, mke wa Bisimwa, alikuwa katika kambi ya wakimbizi Kigoma na mtoto wao. Nilifahamu pia kwamba Chantal alikuwa akiwashughulikia Nsimire na mtoto ili waletwe Minnesota kama familia. Yote hayo niliyapata kwa kuokoteza, nikisikia simu zao kupitia ukuta uleule. Juu ya Bisimwa mwenyewe sikusikia lolote zaidi ya jina, na ukimya huo niliutafsiri kuwa ni msiba.

Mama Vero aliandika majina kwa sindano aliyoishika kwa koleo na kuipasha kwenye jiko, nukta kwa nukta, hadi mbao ikatoa moshi mwembamba wenye harufu ya maziwa yaliyoungua. Vijiti vyenyewe aliletewa vitupu na mwanamke mmoja wa kanisani. Siku moja nikamwuliza desturi hiyo ilitoka wapi. “Kwa misheni,” akasema. “Tulikuwa basichana makumi mbili na fizo zetu zote zinafanana.” Fizo ndilo neno lake la kijiti, walilopewa na masista. “Mutu akiachilia yake kidogo, mwenzake ameiba. Njo mère, sista mukubwa, akasema kila mutu aandike jina yake. Tukaandika. Nyuma, masista bakienda kusali, tukaanza kuandika ya bengine.” “Ya akina nani, mama?” “Ya batu yetu.” Nilikuwa na daftari gotini. Swali lililofuata lilikuwa wazi, hata mtoto angeliuliza: mnaandika ya watu gani, na kwa nini? Lakini nilikuwa nimekwisha kukiona kijiti cha Bisimwa. Vingine vilikuwa na jina peke yake. Chake kilikuwa na jina, na chini ya jina siku na mwezi na mwaka. Jina na tarehe. Nikajiambia kwamba binadamu mwenye adabu hamuulizi mama mzee kuhusu mwanawe aliyekufa, na nikafunga daftari. Adabu hiyo nimeichunguza kwa miaka tisa. Ilikuwa adabu kweli. Lakini pia ilikuwa starehe ya mtu ambaye tayari ana jibu alilolisoma vitabuni.

Mwezi wa tatu alinichomea kijiti changu. ANISIA, herufi zimeinama kidogo, shanga tatu za bluu na moja nyekundu. Alikifunga kwenye uzi mbele yangu na kukiingiza kazini, kati ya kijiti cha Gracia na cha Nsimire, na nikaiona mikono yake ikinipitisha juu ya mmoja na chini ya mwingine. Sijawahi, kabla ya hapo wala baadaye, kuhisi kwamba nina mahali kwa namna iliyo dhahiri vile. Chantal alipita na kikapu cha nguo, akatazama. “Eh! Tanzania ameingia. Sasa utaosha na vyombo.” Nikaviosha.

Msimamizi wangu alifurahi kupita kiasi. Kulikuwa na maonyesho madogo ya vitambaa yaliyokuwa yakiandaliwa katika ukumbi mmoja wa Saint Paul, akanipatia ukuta mmoja. Nikamwomba Mama Vero vijiti sita vya kuazima. Akanipa vitatu vitupu na kimoja chenye jina lake mwenyewe. “Na cha Bisimwa, mama? Kwa mwezi mmoja tu. Nitakirudisha mwenyewe kwa mkono wangu.” Aliuwekea mto mikono yote miwili, kama anayezuia kitu kisipeperuke. “Ile haitoki.” “Hata kwa siku mbili?” “Mwana, ile haitoki kwa muto.” Nikaomba basi nikipige picha. Akafikiri. “Piga. Picha haitoe kitu.” Nilipomaliza akaniuliza nitaandika nini chini ya picha. “Nitaandika vizuri, mama.” “Andika jina tu,” akasema. “Inatosha.”

Sikuandika jina tu. Maelezo ya maonyesho hayawezi kuwa neno moja, ndivyo nilivyofundishwa. Yanahitaji mistari mitatu angalau. Nikayaandika kwa Kiingereza, kisha, kwa fahari, kwa Kiswahili, Kiswahili safi, ili kwa mara moja watu wetu wasome kitu ukutani bila kutafsiriwa. Nayakumbuka yote: “Kijiti cha ukumbusho. Fundi amechoma jina la mwanawe marehemu na siku ya kifo chake. Kwa kusuka, mama anaendelea kumwomboleza.” Nilishindana na neno “anaendelea” kwa saa nzima. Juu ya neno “marehemu” sikusita hata kidogo.

Mama Vero hakuja siku ya ufunguzi. Barafu ilikuwa bado haijaondoka kwenye ngazi za ukumbi, na goti lake halikuaminika. Chantal alikuwa kazini. Walikuja wanawake watano wa kanisani kwao, wakasimama mbele ya ile picha kubwa, wakapigana picha. Mmoja wao alinishika mkono na kusema, “Asante, dada. Sasa tunajua.” Nilidhani ananishukuru kwa lesi.

Zilipita wiki mbili. Jumamosi moja asubuhi tulikuwa jikoni, Mama Vero na mto wake, Gracia na bakuli la nafaka, mimi na chai, Chantal akaingia na sare ya hoteli, simu mkononi, viatu vyenye matope ya theluji hajavivua. “Nani alisema Bisimwa alikufa?” Akabonyeza simu. Ilikuwa sauti ya mwanamume, kaka yake Nsimire, kutoka kambini. Alimshukuru Mama Vero kwa kusema ukweli mwishowe. Alisema wameona picha na maandishi, kwamba matanga yamewekwa, kwamba Nsimire amenyolewa, na kwamba wakimaliza siku arobaini watamwachilia dada yao aolewe tena, kwani bado kijana. Nyuma ya sauti yake wanawake walikuwa wakilia kwa pamoja. Vijiti vilikuwa vimenyamaza. Mama Vero alinigeukia mimi, si Chantal.

“Uliandika nini?”

Nikamsomea kwa kichwa, neno kwa neno, mpaka mwisho.

“Nani alikuambia?”

“Hakuna aliyeniambia, mama.”

“Weye mwenyewe ulimuua, basi,” akasema Chantal. “Pale kwa table, na kalamu.”

“Acha,” akasema mama yake. Kisha akanieleza, polepole, kwa upole ambao ningependa asingekuwa nao, jambo ambalo lingechukua dakika moja kulisikia mwezi wa kwanza. Kijiti hupewa mtu aliye hai. Jina likiwa kwenye mto, mtu huyo yuko mikononi mwako, unamshika, popote alipo. Akifa, unamtoa: unakata uzi, unakata shanga, anazikwa na kijiti chake kama mwili upo, na kama haupo unakifukia peke yake. Kijiti cha mumewe kilikuwa ndani ya ardhi huko Kivu. Ile tarehe ilikuwa siku waliyopotezana na Bisimwa barabarani, watu wakikimbia. “Bengine niko najua kwenye biko,” akasema. “Yeye, njo ile siku tu niko nayo.” Hajamwona tangu siku hiyo. Hajamtoa kwenye mto. Na Nsimire kule kambini, alipoletewa wanaume na ndugu zake, mwaka baada ya mwaka, alijibu hivi: mama mkwe wangu bado anamshika.

Walimpigia simu palepale, simu imelazwa mezani katikati ya vikombe. Nsimire aliongea kwa sauti iliyokauka. Mama Vero alimwambia si kweli, hajamtoa, kijiti kipo, anakigusa sasa hivi. “Mama,” akasema Nsimire, “usinifiche tena. Nimeona imeandikwa. Kwa Swahili ya shule. Mutu hawezi kuandika vile kwa ukuta ya Amerika kama haiko kweli.” Chantal akasema ni mpangaji wao aliyekosea. “Na weye unanidanganya, wifi, kwa sababu ya zile karatasi za safari.” Hapo Mama Vero akaisukuma simu kuvuka meza mpaka ikagusa kikombe changu. “Ongea naye. Sema ni weye.”

Nilichosema ni hiki: “Ngoja kidogo, mama. Nitafute maneno.”

Niliyatafuta. Kila aliyekuwa mezani aliniangalia nikiyatafuta. Gracia aliacha kijiko hewani. Nilikuwa nikijaribu kupanga nianze na nini, kujitambulisha au kuomba radhi, na kama kusema “nilikosea” kungetosha bila kueleza vile vijiti vya Ulaya, maana bila kuvieleza ningeonekana mwongo. Kisha simu ikakatika yenyewe, kama zinavyokatika simu za kule.

Jumatatu nilikwenda Saint Paul kabla ukumbi haujafunguliwa, nikabandua maelezo, nikabandika mengine yenye neno moja. Nililiendea jambo lote kwa bidii. Nilimweleza msimamizi wangu. Akanishauri nisimpigie mtu simu nikiwa nimefadhaika, niandike barua, naye aipitie kwanza. Ushauri huo ulinifaa mno. Niliandika barua ya kurasa nne, yenye tanbihi. Niliisahihisha mara sita. Kila asubuhi Mama Vero, akinimiminia chai, aliuliza, “Umepiga?” nami nikajibu, “Bado, mama,” na kutoa sababu: saa za kule zimetutangulia, nikitoka chuoni ni usiku kwao, barua iko karibu, nataka niseme sawasawa. Alikuwa amenipa namba kwenye kipande cha karatasi, kwa mwandiko wake ulioinama. Mara moja niliipiga nikiwa kituoni Bloomington. Ililia mara moja tu, nikakata. Treni ilikuwa imefika, nikajiambia.

Kisha akaacha kuuliza. Asubuhi moja ya Juni nilikuta chai imemiminwa kama kawaida, na kando ya kikombe, karibu na sukari, kijiti changu. Uzi umekatwa, shanga zimekatwa. Hakuwa amezitupa, zilikuwa zimewekwa kwenye kifuniko cha chupa, tatu za bluu na moja nyekundu. Kupitia ukuta vijiti vingine vilikuwa kazini, na nikatambua, kwa masikio yangu yaliyokwisha kuzoea, kwamba mlio umepungua. Gracia alikuwa amesimama kwenye friji. “Hajakasirika,” akanong'ona kwa Kiingereza. “Amehuzunika tu.” Ningependelea hasira. Nilikunywa chai ile yote, kwa sababu sikujua adabu ya kuiacha ni ipi, na mwisho wa wiki nikahama.

Siku arobaini ziliisha. Chantal alinitumia ujumbe mmoja tu, bila salamu: Nsimire amepewa mume, yeye na mtoto wameondolewa kwenye faili la kuja Minnesota kwa ombi lake mwenyewe. Sikujibu, ningejibu nini kisichokuwa na tanbihi? Nilimaliza tasnifu katika ghorofa ile ya kumi na tatu. Sura ya nne inahusu hatari ya kusoma maandishi ya jamii moja kwa macho ya jamii nyingine, na humo nimemtaja “mtafiti mmoja” na “familia moja.” Wasahihishaji waliisifu kuliko zote. Mmoja aliandika pembeni kwamba mwandishi anaonyesha unyenyekevu wa pekee. Nimeajiriwa kwa sababu ya sura ile. Leo hii nafundisha vijana namna ya kuandika maelezo ya maonyesho, na huwaambia waulize kwanza, nao huandika hivyo katika madaftari yao.

Bahasha niliifungua jana. Kijiti kilikuwa cha Bisimwa. Nilikuwa nimejiandaa kupokea changu, nilichokiacha mezani siku ile kwa sababu sikuthubutu kukigusa. Changu hakikuwemo, na sijui kilifukiwa wapi. Cha Bisimwa kilikuwa na shanga zake zote. Mbao ilikuwa imelainika na kuwa nyeusi pale vidole viliposhika, herufi zimelika, tarehe ikisomeka nusu, na mkiani mwa uzi, uliokatwa kwa mkasi, palining'inia kipande cha lesi kisichozidi urefu wa kidole. Kumbe aliendelea naye kazini mpaka mwisho. Nadhani Gracia ndiye aliyekata. Hakukifukia, kwa kuwa hakuna aliyesema Bisimwa amekufa. Na kuzunguka kijiti palikuwa na karatasi iliyofungwa kwa uzi wa lesi. Ilikuwa na namba tatu kwa mwandiko ulioinama. Ya kwanza niliitambua, imekatwa mstari. Ya pili imekatwa mstari, kwa wino tofauti. Ya tatu haikukatwa, na mwandiko wake ulikuwa umetetemeka. Miaka tisa yote hiyo, kila Nsimire alipobadilisha namba, Mama Vero alikuwa ameirekebisha ile kazi aliyonipa.

Leo asubuhi sikuandika kwanza cha kusema. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni, kijiti mkononi, nikabonyeza tarakimu moja moja. Kule ilikuwa jioni. Ililia mara nne. Sauti ya mwanamke ikasema haloo, na nyuma yake watoto walikuwa wanagombana juu ya kitu.

“Naongea na Nsimire?”

“Ni nani?”

“Naitwa Anisia. Napiga kutoka Minneapolis. Mimi ndiye niliyeandika yale maneno ukutani. Ya Bisimwa. Mama Vero hakuyasema. Hakuna aliyeniambia; niliyatunga mwenyewe.”

Watoto waliendelea kugombana. Akawafokea wanyamaze, wakanyamaza. Nilisubiri matusi, na nilikuwa nayastahili kwa mpangilio wowote ambao angeyapanga.

“Nilisikia mama alikufa. Balimuzika?” akauliza.

“Ndiyo. Wiki tatu sasa.”

“Na hakumutoa?”

“Hakumtoa. Alikuwa kwenye mto mpaka siku ya mwisho. Kijiti ninacho hapa.”

Nilimsikia akifunga mlango, na sauti yake iliporudi haikuwa na ukali wowote; ilikuwa sauti ya mtu anayetaka tu kujua jambo lilivyo.

“Sasa nani anamushika?”